Ufunguo Ninao Mimi

Baba,

Supu ya miso iko jikoni, ipashe moto lakini isichemke. Wali wa marehemu Mama nimeshauweka kwenye madhabahu yake hapo nyumbani. Dawa ya presha uimeze. Jana niliiokota chini ya mkeka. Ufunguo wa pikapu usihangaike kuutafuta, ninao mimi.

Nimekwenda kwa Mzee Kuramochi kuomba radhi, kwa sababu wewe hukushuka hata kuinamisha kichwa. Asubuhi hii umemgonga Jizo wa pale njia panda kwake, yule sanamu wa jiwe anayelinda watoto, kichwa kikabingirika mpaka mtaroni. Mchana kweupe! Na amevaa kitambaa chekundu alichoshonewa na Mama. Mpaka nilipopiga kelele ndipo ukakanyaga breki. Halafu ukacheka: "Ah, jiwe tu hilo. Nimeendesha miaka hamsini, wewe mtoto wa juzi utanifundisha nini?"

Sikufundishi kitu. Kesho saa tatu tunakwenda polisi kurudisha leseni. Kama hutaki kuongozana na mimi, nenda peke yako kwa miguu, ila uirudishe. Na usininunie. Leo wa kununa ni mimi.

Jizo hukumwona, na kitambaa chake ni chekundu. Jumatatu mjukuu wako anaanza darasa la kwanza, na atavuka njia panda ile ile. Kofia yake ya shule ni ya njano.

~~Mwanao~~
Mama Itsuki