Namna Watoto Wanavyovuka

Karatu,
Jumapili, 10 Juni 1984.

Kaka yangu mpendwa Piusi,

Pokea salamu zangu, nikiamini zinakukuta mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Mama anaendeleaje na kifua chake? Na maharage ya huko Buger, yamebeba? Huku mvua imekatika mapema, vumbi limerudi kazini, nami ni mzima isipokuwa kikohozi cha chaki.

Najua hupendi kusikia habari za barabara. Tangu mwaka jana uliporudisha ufunguo wa lori la kahawa kule Oldeani ukashika jembe, Mama ananiambia kwamba ukisikia gari linanguruma unaingia ndani. Nakuomba usiikunje barua hii kabla ya kufika mwisho wake.

Unanijua, jambo likiniingia kichwani situlii. Tangu lori lako limvunje mguu mwanafunzi wangu Namelok mbele ya shule yetu, nimekuwa nikijiuliza kwa nini watoto hawa wanavuka wakati uleule gari linapofika. Si kwamba hawalioni. Kwa shida hii ya petroli magari yenyewe ni ya kuhesabu, na vumbi lake wanaliona tangu linateremka kutoka Rhotia. Wanaliona, wanataja ni la nani, halafu wanaruka mbele yake! Mwalimu Mkuu, Mwalimu Clemensi, alisema ni utundu na dawa yake ni fimbo. Wakachapwa, wakaendelea kuvuka vilevile.

Basi nikachukua daftari kuukuu, nikawa nakaa kwenye ngazi ya duka linalotazamana na shule, kila asubuhi kwa wiki tatu, nikiandika nani kavuka, lini na vipi. Mwenye duka alidhani nimetumwa kuchunguza sukari aliyoficha, akaanza kunisalimia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata hata kwa wanafunzi wangu.

Nikagundua jambo la ajabu. Mtoto akiwa peke yake havuki ovyo; anangoja hata gari lililo mbali kabisa. Wakiwa kundi, wa kwanza nao wako salama. Hatari ni ya wa mwisho. Wenzake wakishafika ng'ambo, yule aliyebaki hashikiki, anakimbia. Nilimwuliza Hyasinta wa darasa la tatu, ambaye ukimwuliza jambo dogo anakujibu mpaka uchoke, kwa nini hakungoja lori lipite. Alinishangaa. Akasema kundi likishaanza kuvuka halikatwi, maana wa nyuma wakibaki watapotea. Kisha akaniuliza, kwa huruma kabisa, kama mimi sijawahi kuchunga.

Kaka, nikakumbuka nyumbani. Si ndivyo Baba alivyotufundisha pale kijitoni? Unakumbuka ulivyochapwa siku ulipoacha ndama watatu upande wa pili, ng'ombe wengine wameshatangulia? Watoto hawa, Wairaqw kwa Wamaasai, wamejua kuvusha mifugo kabla ya kujua a, e, i, o, u. Mimi niliwachorea ubaoni kutazama kulia na kushoto, wakaimba vizuri sana. Lakini sikuwaambia kwamba kundi la watoto linaweza kukatwa, gari likapita kati, na wote wakafika shuleni.

Sasa kila kundi lina mchungaji wake mwenye fimbo, naye ndiye anayevuka mwisho. Akiona gari analaza fimbo mbele ya waliobaki, na waliotangulia wanachuchumaa ng'ambo kuwangoja. Fimbo hiyo wanaielewa kuliko filimbi yangu. Hii ni wiki ya nne na hakuna aliyekimbia. Mchungaji wa kwanza tuliyemchagua ni Namelok. Mguu umeunga, anachechemea kidogo tu, na ukali wake kwa wenzake ungekuchekesha.

Ningependa kuishia hapo, lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo.

Asubuhi ile ya ajali Namelok alikuwa wa mwisho. Wenzake wanne walikuwa wameshavuka, naye akasimama. Alisimama, Kaka! Nilimwona kwa macho yangu kutoka langoni. Kengele ilikuwa imeshalia na Mwalimu Mkuu alikuwa anaandika majina ya wachelewaji. Nikainua mkono nikamwita aje upesi. Aliingia barabarani kwa sababu mwalimu wake alimwita. Lori lako sikulitazama.

Kamati ya shule ilipouliza nani aliona, nilisema nilikuwa darasani. Waliposema ulikuwa unakimbiza gari nikanyamaza, na wewe, kwa uchungu wa kumwona mtoto chini, hukujitetea. Niliogopa kufukuzwa kazi. Hakuna sababu nyingine. Zile wiki tatu za daftari, nadhani nilikuwa natafuta kosa ambalo si langu. Nililipata, tena ni la kweli, lakini halimhusu Namelok, maana yeye alikuwa amengoja. Nimekuonea, Kaka, na ninaona aibu kubwa.

Juzi Ijumaa nilisimama mbele ya kamati, baba yake Namelok, Mzee Saruni, akiwapo, nikasema yote. Mwalimu Clemensi hakunitazama tena, na sijui wataniamulia nini. Mzee Saruni akasema mwaka mzima amemkasirikia mtu asiye na kosa, akaomba uitwe akuone.

Msomee Mama barua hii yote, na mwisho wake pia. Umsalimie sana, na majirani wote wanaoniulizia. Ukichelewa kunisamehe nitaelewa, lakini usichelewe kuja. Namelok ameniuliza kama yule dereva wa lori la kahawa atasimama akimlazia fimbo. Nimemjibu kwamba ni kaka yangu, na atasimama. Njoo, nisiwe nimesema uongo mara ya pili.

Ni mimi mdogo wako,
Leonida