Mahali Alipozoea Kusimama Yonasi

Mjukuu wangu Neema,

Sisi hapa Columbus, Marekani, tu wazima, ila goti la bibi yako linalalamika kwa baridi. Baba yako mdogo amehamia Buffalo, amepata kazi kiwandani.

Umeniuliza timu yenu ya huko Australia, ya mpira ule wa umbo la yai, itafanyaje sasa kwa kuwa mfungaji wenu amehama.

Nilipokuwa kijana katika kambi ya wakimbizi Tanzania, mshambuliaji wetu Yonasi aliondoka na familia yake. Mechi mbili zilizofuata tuliendelea kupiga mpira pale alipozoea kusimama, nao ukaviringika peke yake, taratibu, hadi nje. Tulifungwa zote.

Mechi ya tatu, mimi beki niliufuata. Sijui kwa nini. Nilikimbia kama ndotoni, hakuna aliyenikaba, maana hakuna aliyenitarajia.

"Nenda, nitabaki mimi!" alipaza sauti beki mwenzangu, Elia.

Nilipiga, ukagonga mwamba. Mara iliyofuata nilibaki mimi, Elia akapanda, akafunga. Tulitoka sare.

Tukirudi nyumbani, Elia akasema, "Kumbe mbele kuna upana hivi!"

Bado nauona upana ule, mjukuu wangu, nikifumba macho ndani ya basi la barabara ya Morse hapa mjini.

Babu yako anayekuombea,
Mathiasi