Komeo la Dari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini goti lako limepoa na sasa unapanda ngazi bila kumtukana aliyezijenga. Sisi huku ni wazima wa mwili. Shemeji yako atakusalimu mwenyewe hapo chini, maana unamjua: hapeleki barua yangu posta kabla ya kuisoma na kuchomeka maneno yake.

Juzi tulirudi kutoka ziwani na lile gari kuukuu la mikate aliloligeuza nyumba. Kitanda, kabati, jiko, dirisha la dari, vyote kwa mikono yake. Kila aliyeingia alilisifu, na mimi nililisifu kuliko wote, mwaka baada ya mwaka, huku magoti yangu yakigonga kabati kila nikigeuka. Ningemwambiaje seremala mwenye furaha kwamba kazi yake inanibana pumzi?

Siku hiyo upepo uliamka kabla yetu. Kwenye msitu wa misonobari haukutusumbua, matawi tu yalitukwaruza ubavuni. Tulipotokea kwenye vilima vya ngano gari likaanza kuyumba, akaniomba nikae nyuma nizuie milango ya kabati, vyombo visimwagike. Nikakaa, mgongo ukutani, nyayo kwenye kabati, dunia yangu yote kidirisha cha ukubwa wa sinia: ngano, mbuzi, paa la shule, ngano tena.

Hapo ndipo alipopaza sauti kutoka mbele kwamba alikuwa na habari njema. Amepata wapangaji wa nyumba yetu. Mavuno yakiisha tutahamia garini moja kwa moja, tuzunguke hadi uzee utukomeshe. Alitaka iwe zawadi, alisema, kwa jinsi ninavyolipenda. Mdomo uliponza kichwa, dada. Nilifungua kinywa nikatae, nikajisikia nikimwambia ahsante.

Tukasimama kujaza mafuta, akashuka kukagua matairi. Kisha tukaingia barabara inayopita juu ya bwawa. Upepo ukatupiga ubavuni, na kifuniko cha dirisha la dari kikang'oka na bawaba zake na komeo lake, kikatumbukia majini. Mto mmoja wa kitandani ukakifuata. Sikufichi, nilifurahi. Nilijua sasa atasema gari halifai.

Kweli alisema, ila si nilivyotaka. Hakuulaumu upepo. Alisema komeo lile alilifunga mwenyewe, akalijaribu mwenyewe, na tangu aanze ufundi hakuna komeo lake lililowahi kumwangusha. Akasema mikono imekwisha. Tukavuka tambarare yote hadi nyumbani, mimi bado nyuma, nikitazama kisogo chake.

Wapangaji amewaambia hapana. Jana mwalimu mmoja alikuja kuulizia milango aliyoagiza, shemeji yako akamwambia amtafute fundi kijana. Vifaa vyake amevifunga kwenye blanketi, amevisukumia uvunguni. Anakula ninachompakulia na kunishukuru. Nyumba ni yetu, vyumba ni vikubwa, nami sipati pumzi hata humu.

Dada, komeo halikufunguka lenyewe. Alipokuwa chini anakagua matairi, nilipanda kitandani nikalivuta. Nilitaka gari ndilo liaibike, wala si yeye. Tangu turudi najaribu kumwambia. Tukikaa kunywa chai neno linafika kwenye meno, linarudi. Nikinyamaza, nitakuwa nimemzika fundi akiwa hai. Nikisema, atajua kwamba sifa zote zile zilikuwa uongo, na pengine ataanza kujiuliza ni nini kingine nilichokisifu. Naogopa, na sijui pa kukimbilia.

Kwa hiyo barua hii nitaiweka juu ya meza yake ya kazi. Bahasha iko wazi kama kawaida, na nafasi yake nimemwachia.

Wabusu wajukuu, umwambie yule mtundu kwamba bibi yake mdogo hajasahau miwani aliyoivunja. Ubaki salama, na goti lako ulitunze.

Mdogo wako,
Chiriku

Shemeji, salamu. Nimesoma yote. Komeo lilikuwa zima, basi. Mambo yangu na mdogo wako tutayazungumza. Kwanza naenda kwa mwalimu kupima milango yake.