Kalenda ya Wabunge wa Mtondoni

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Niko soko la Zhanxi, hapa China, tangu asubuhi. Wateja wa nyumbani wanataka viatu vya shule vya watoto, vyeusi, vya kamba. Yule mama wa ghorofa ya pili ananiambia meiyou kabla sijamaliza kunyoosha kidole. Hakuna, hakuna, na viatu vimejaa tele nyuma yake. Nyayo zinaniwaka.

Jioni nikapitia duka la simu hapa mtaani kwetu, Xiaobei. Faksi kutoka nyumbani. Kijana wa kampeni, simjui, anataka kalenda za ukutani za mwaka ujao, za rangi, zifike kabla ya uchaguzi. Kichwa chake: "Mtondoni Yetu: Wabunge Wetu Tangu Uhuru." Picha zitaletwa na msafiri. Nani aliyempa namba yangu? Lakini kazi ni kazi. Nimekubali.

Alhamisi, 6 Novemba

Picha zimefika. Nne. Nimezitandaza kitandani. Rukia, mwenzangu wa chumba, mtu wa Dar, akauliza kama ni wajomba zangu.

Wa kwanza ni yule mwalimu aliyetuletea shule. Wa pili alifia kitini, na watu walimlilia kweli. Wa tatu tulikuwa tukimsikia redioni tu. Wa nne ni Athumani.

Nilijua atakuwemo, maana kiti ni chake mpaka leo na anakitaka tena. Chini ya picha yake wameandika: "Alichaguliwa na wananchi waliojitokeza kwa wingi mwaka wa mlolongo." Kwa wingi! Hawana haya hawa.

Ijumaa, 7 Novemba

Sikulala vizuri. Niandike, labda nitapumua.

Mwaka wa mlolongo hapakuwa na karatasi ya kura wala sanduku. Ulikuwa uwanja wa shule, jua, na picha za wagombea. Unasimama nyuma ya picha ya mtu wako, karani anapita akihesabu vichwa. Picha ya Baba, aliyeshindana na Athumani, niliishika mimi, na tumbo langu limeshachomoza, nina mimba ya Zuhura mwanangu. Nikigeuka nyuma siuoni mwisho wa mstari wetu. Ulitoka langoni, ukazunguka vyoo vya walimu, ukaingia kwenye mihogo ya watu. Mstari wa Athumani ungeketi kwenye mabenchi mawili na nafasi ikabaki.

Msimamizi akapanda juu ya meza, akamtangaza Athumani.

Watu hawakuondoka. Walidhani amekosea, atarudia. Walisimama vile vile mpaka askari walipokuja na virungu. Mimi nilikuwa bado nimeinua picha.

Tangu siku hiyo Baba anaitwa "Mheshimiwa" mitaani. Wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Yeye huitikia wote sawasawa. Mimi siwezi. Namchukia Athumani, na leo hapa ananiomba nimpambe.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekwenda kwa mchapaji, laoban Chen. Hapa kila mwenye duka ni laoban, hata kama duka lenyewe ni meza na stuli. Huyu ana mashine tatu na mama mzee anayekaa pembeni.

Nimempa picha tatu. Pahali pa nne nimemwambia paachwe peupe. Hakuna sura, hakuna jina, hakuna "kwa wingi". Kalenda itundikwe kila nyumba Mtondoni, watu waamke wakione kile kiraka cheupe. Hakuna atakayehitaji kuelezwa.

Nimerudi kwa miguu nikiimba peke yangu barabarani. Miaka mingi sijafurahi hivi.

Jumatano, 12 Novemba

Laoban ameniletea sampuli. Pale peupe ametia ua. Ua kubwa jekundu, limenona kama kabichi. Anasema nyeupe ni rangi ya maiti, haiwekwi kwenye kitu cha mwaka mpya. Nikamwambia ndiyo, ni msiba. Hakunielewa. Alidhani nakataa bei.

Rukia amecheka mpaka machozi.

"Shoga, hili ua lina sura kumshinda mbunge wenu. Lichape hivi hivi!"

Kisha akakaa kitako. "Lakini mzigo si wako. Mwenyewe akiuona je?"

Nimemwambia mwenyewe atauona uwanja wa ndege, siku zimekwisha, hana pa kuchapa mwingine. Ndiyo raha yenyewe. Rukia akasema nina roho mbaya. Ninayo. Nimeitunza vizuri.

Kesho nitamwambia laoban atoe ua, arudishe peupe, aanze kuchapa.

Alhamisi, 13 Novemba

Laoban kakubali kwa kununa. Mashine imeshikwa na kazi ya mtu mwingine. Yetu itaingia Jumatatu. Nimeshinda soko la Zhanqian nikinunua sweta za watoto, sikumbuki hata nilizibishania bei vipi.

Jumamosi, 15 Novemba

Bahasha nyingine kutoka nyumbani. Ndani picha moja na kijibarua: iongezwe chini ya kalenda, ndogo, na maneno haya, "Mwenyekiti wa Kampeni ya Mheshimiwa Athumani."

Ni Baba.

Amevaa kofia yake ya Idi. Anatabasamu.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Sikula leo. Rukia ameitazama picha, akaniwekea chai, akatoka nje.

Jumapili, 16 Novemba

Nimempigia Baba. Foleni ndefu kwenye duka la simu, Wakongo mbele yangu wanapiga kelele kwa Kifaransa, na mimi nimeshika picha mkononi.

"Baba, ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu. Namba yako niliwapa mimi. Niliwaambia binti yangu yuko China, atawafanyia kazi safi."

Yeye akauliza kama rangi zitatoka vizuri.

"Mstari wako ulikuwa mrefu, Baba. Nilikuwepo."

"Ulikuwa mrefu. Na kila aliyekuwemo alionekana. Bomba la maji likapitishwa kijiji cha jirani ili kutuadhibu. Barabara ikapindishwa isitufikie. Miaka yote hii wanachota kisimani kwa ajili yangu, na hakuna hata mmoja aliyenilaumu. Hilo ndilo linaloniua, wajua?"

Nilisikia anakohoa.

"Sasa mabomba yameshashushwa njiani. Athumani amenambia yatafukiwa akirudi bungeni. Wao walisimama nyuma yangu. Wacha nami nisimame nyuma yake, wapate maji."

"Na akikudanganya?"

"Atakuwa kanidanganya mimi, si wao."

Simu ikakatika, au alikata yeye. Mwenye duka akanigongea kioo nitoke.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilikuwa kwa laoban mapema kuliko wafanyakazi wake. Nikamwambia asichape kwanza. Akashika kichwa. Ua, peupe, sasa subiri! Amenipa mpaka keshokutwa.

Nina hasira na Baba kuliko Athumani. Athumani ni mwizi, mwizi anajulikana. Lakini Baba ndiye aliyenifundisha nisimame wima na ile picha, nisiiteremshe hata mkono ukifa ganzi. Sasa kajiteremsha mwenyewe. Hakuniuliza.

Na hapo hapo namwona kisimani alfajiri, wanawake na madumu yao, wote wanamwamkia, "Shikamoo Mheshimiwa", na yeye anaitikia huku akiangalia ndoo. Mimi niko huku. Maji yangu yanatoka ukutani, ya moto na ya baridi.

Jumanne, 18 Novemba

Rukia kasema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Nimemwambia methali hiyo ilitungwa na mwenye mkono.

Baadaye akasema kwao pia mbunge haonekani, ila wao hawana hata bomba la kuahidiwa.

Kiraka cheupe kingenifurahisha mimi. Athumani angedhani ni Baba aliyemchezea. Mabomba yangepakiwa yarudi. Watu wangekiangalia kile kiraka, wangecheka siku mbili, halafu wangebeba madumu.

Nimelia. Basi.

Jumatano, 19 Novemba

Nimempa laoban picha zote tano. Wabunge wanne juu, Baba chini. Maneno kama yalivyoandikwa. "Kwa wingi" nimeliacha. Niliweka kidole juu yake, nikataka kumwambia alifute hilo moja tu. Nikaondoa kidole.

Laoban amefurahi. Anasema sasa imejaa, ni nzuri.

Jumamosi, 22 Novemba

Zimetoka. Rangi safi kabisa. Kofia ya Baba imetoka nyeupe pe. Athumani amependeza. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii, na sijawahi kuichukia kazi hivi.

Ijumaa, 28 Novemba

Mzigo umeondoka juzi kwa ndege.

Leo nimerudi kwa laoban kwa ajili ya vibandiko vya maboksi ya viatu. Kalenda ya Mtondoni ameitundika nyuma ya meza yake, wateja wa Kiafrika waone kazi yake. Mama yake alikuwa anamenya machungwa madogo. Akaniuliza kwa kidole: kati ya hawa, mkubwa ni nani?

Nikawatazama wale wanne. Kisha nikainama nikamwonyesha Baba.

Bibi akaweka miwani, akamwangalia sana. Akasema kitu. Laoban akanitafsiria kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: mama anauliza, kama huyu ndiye mkubwa, mbona mmemweka chini, tena mdogo?

Bibi akanipa chungwa. Nikakaa kwenye stuli nikalila, nikisubiri vibandiko vikauke.