Imondo za Shivachi

Jumatatu, 3 Machi
Nimepanguza paneli ya sola kabla ya chai, kama kila siku. Mavi ya ndege tena. Kipimajoto ndani ya friji: nyuzi tano. Vizuri. Kopo la dawa liko kwenye kikapu cha juu, mahali pake. Chupa mbili za insulini ya mama mkwe wangu, ambaye namwita mama tu.

Friji hii ni ya dawa. Nimeandika kwa kalamu nzito juu ya mfuniko: USIFUNGUE OVYO. Hapa Iguhu watu wanajua kusoma, ila kila anayepita anafungua. Leo nimekuta soda nne za Mama Mercy, jirani, za kuuza kwenye kibanda chake. Hajaniuliza. Nguzo za stima zilisimamishwa njia nzima mume wangu Ligami akiwa hai. Yeye tumemzika, nguzo bado hazina waya hata mmoja. Basi kijiji kizima kimejiunganisha kwangu. Nimechoka.

Jumatano, 5 Machi
Katekista alikuja kutuombea. Mama akachinja jogoo. Katekista amechokoa bakuli lote kwa kijiko akitafuta imondo, ile firigisi ya mwanamume mwenye heshima yake. Hakuipata. Nimeona aibu nikajifanya naenda kuchota maji.

Mama alikuwa ameishaificha chini kabisa kwenye friji, pale panapoganda jua likiwa kali. Ni ya Shivachi, kifungua mimba wake aliye Nairobi. Sasa ziko tatu, zimefungwa kwa majani ya ndizi: ya Krismasi, ya siku ya fundi wa paa, na hii. Shivachi hakuja Krismasi. Upepo ulipoezua paa hakuja pia. Lakini imondo zinamngoja, na ole wake atakayezigusa. Mwanamke ndiyo asithubutu kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Shivachi amepiga simu. Anakuja Jumamosi. Mama ameimba siku nzima. Mimi sijaimba.

Ijumaa, 7 Machi
Jua kali ajabu. Nimetoka shuleni, watoto wa chekechea wamenimaliza sauti, nikakuta friji imeshiba hadi mfuniko haufungi. Soda, kuku mzima, maziwa. Soda nyingine ni za mama, za kumkaribisha mwanawe. Nyingine, naapa, ni za Mama Mercy. Kopo la dawa lilikuwa juu, limebanwa. Sikulifungua. Nilikuwa nimeshughulika kutoa soda kwa hasira.

Mama alikuwa jikoni, mkono mmoja kwapani. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema ni baridi. Baridi, na jua hili!

Jioni wakati wa sindano chupa ilikuwa na uvuguvugu. Mfuniko ule. Soda zile!

Jumamosi, 8 Machi
Hajaja. Mama amekaa mlangoni na kitambaa kipya kichwani mpaka mvua ikamfukuza. Saa kumi na moja ujumbe ukaingia: kazi imebana. Kazi gani hiyo inayobana siku ya kumwona mama tu? Kuku tumemla wenyewe. Imondo ya nne imeenda chini na wenzake.

Jumapili, 9 Machi
Mama hakwenda kanisani. Maji, choo, maji, choo. Jagi tatu kabla ya mchana. Sukari kumi na tisa, na daktari anataka isizidi kumi. Nimempiga sindano vilevile kama daktari alivyoandika. Haishuki.

Jumatatu, 10 Machi
Ishirini na nne.

Nimemfuata Mama Mercy kibandani. Nimemwambia yote: kwamba kufungua kwake kumeiharibu dawa kwa joto, kwamba ana tamaa, kwamba mama akifa alete soda zake matangani azinywe. Wateja walikuwa wamesimama pale na unga wao mikononi. Baadaye kidogo Mama Mercy alikuja kwangu akabeba chupa zake, zote, akaondoka. Nimejisikia vizuri labda dakika tano.

Jumanne, 11 Machi
Asubuhi mashine ya sukari imekataa kutoa namba. Imeandika Hi, kama inayosalimia watu, kumbe ni kusema sukari imepita kipimo chake. Mama hakuweza kusimama. Bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke.

Hospitalini wamemtundikia maji. Muuguzi aliinua chupa yetu kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kulikuwa na chembechembe zimeshikana. Akauliza kama iliganda. Nikamjibu kwa ukali kwamba najua ninachofanya, kwamba friji yangu ina kipimajoto. Akasema tu kwamba ikishaganda haifanyi kazi tena, hata ikiyeyuka.

Naandika nikiwa kwenye benchi. Naogopa sana.

Jumatano, 12 Machi
Amefumbua macho vizuri. Amekunywa uji. Kisha akaniambia bila kuulizwa.

"Mwanangu, wacha kugombana na watu. Dawa ni mimi niliweka huko chini. Mimi naonanga nyama huko inamaliza miezi, nikasema hata dawa itakaa vizuri."

Alitaka nafasi ya juu kwa soda za mwanawe. Ijumaa asubuhi, nilipotoka tu. Mchana akakuta chupa zote mbili zimekuwa mawe. Akarudisha kopo juu likiwa tupu, akazipasha chupa kwapani, moja baada ya nyingine, kisha akazirudisha ndani. Hakusema kwa sababu aliogopa nitafoka.

Nimekasirika. Nimetoka nje nikasimama karibu na tangi la maji. Nimemkasirikia yeye na kwapa lake, Shivachi na simu yake, hizo nguzo. Halafu nikafika kwangu mwenyewe. Siku nne alikuwa akiisha mbele yangu, akaona afadhali hivyo kuliko kuusikia mdomo wangu.

Ijumaa, 14 Machi
Tumerudi nyumbani. Dawa mpya nimeibeba ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi. Shivachi ametuma ujumbe: poleni sana, Pasaka nitajaribu. Nimemsomea mama. Hakuomba nirudie.

Nimeenda kwa Mama Mercy. Nimengoja hadi wateja wakawepo, maana nilimtukana mbele yao. Nimemwomba msamaha. Amesema sawa. Haijawa sawa bado, ila amesema.

Jumapili, 16 Machi
Mvua tangu asubuhi. Paneli haina kazi leo. Nimefunika friji kwa blanketi, nikaifungua mara mbili tu, wakati wa sindano.

Mara ya pili mama alikuwa kando yangu. Aliinama akachokoa chini, akatoa imondo zote nne. Amezichemsha, akazikaanga na nyanya, akasonga obusuma, yaani ugali, kwa mkono wake ingawa nilimkataza. Kwenye sahani yangu ameweka tatu. Kwenye yake moja.

Nikamwambia, mama, hizi si za wanawake.

"Kula. Zitaharibika bure."

Zilikuwa ngumu kidogo. Tumetafuna muda mrefu, mvua ikipiga bati. Kabla ya kulala nimempima. Tisa.