Msimwambie Mpaka Amalize Mtihani

Baba,

Assalaamu alaykum. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua isiyoanza kwa salamu ni hati ya mahakama, na uliyajua hayo kwa kuwa ulikuwa karani wa mahakama Unguja kabla Mapinduzi hayajakuleta hapa ughaibuni, Ilford. Basi salamu hiyo. Mengine nitayasema hivi hivi nilivyochoka.

Juzi tumekusomea hitma ya arubaini. Mazikoni sikuwapo. Ulifariki Ijumaa, ukazikwa Jumamosi, na Jumatatu mimi niko chuoni Ufaransa, nimekaa mbele ya profesa wa sheria ya mirathi. Akaniuliza mrithi anakuwa mrithi tangu lini. Nikamjibu kwamba kwa sheria yao ni tangu dakika ile marehemu anapokata roho, hata mrithi akiwa mbali, hata akiwa hana habari. Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa najisema mwenyewe, Baba, na nilijibu vizuri. Nimepata alama ya juu, na sijui niifanyie nini.

Jumapili, siku moja kabla ya mtihani huo, nilipiga simu nyumbani kama kawaida. Mama akasema umetoka, umefuata gazeti. Nikasikia watu wengi ndani, akasema ni wageni wa Ami. Nikaanza kumlalamikia kuhusu somo la falsafa, lile ulilokuwa ukilicheka, “Hakimu gani atakuuliza falsafa?” Nikalalamika mpaka kadi ya simu ikaisha. Naye akanisikiliza yote, maskini, mjane wa siku mbili.

Jumanne, mtihani umekwisha, nikarudi nyumbani, na Ami ndiye aliyekuja kunipokea stesheni. Akachukua begi langu bila kunitania. Nikajua.

Kumbe ilikuwa amri yako. Hospitali uliwaambia, “Msimwambie mpaka amalize mtihani.” Na wote wakashika. Watu wetu hawa wa Ilford, wasioweza kuficha hata pilau la mtu lililoungua, wakaficha kifo chako siku nne! Ndiyo desturi yetu, najua. Mtoto wa jirani aliyekwenda kusoma Moscow alipata habari za mama yake baada ya miezi mitatu, nawe ukasifu: “Wamemtakia kheri.” Nilikuwa nimekaa pale pale, nakunywa chai.

Nikamwambia Mama sirudi tena Ufaransa. Nikirudi watanificha, na safari hii marehemu atakuwa yeye. Chuo kimeandika, kinataka kujua kama naendelea na mwaka wa mwisho. Barua ile imekaa juu ya friji wiki tatu. Asubuhi naisoma, naenda kulala tena. Sikujua msiba unachosha miguu.

Jana Mama alikuwa anakunja kanzu zako za kutoa sadaka. Bila kuniangalia akasema, “Rudi kasome, mwanangu. Mimi nikifa ntakupigia simu mwenyewe.” Tukacheka, Baba, tukacheka mpaka akalia, nami nikamshika. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika tangu nirudi, kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia yeye kwa amri iliyokuwa yako.

Leo nimetia jibu posta. Narudi, nitamaliza sheria, na falsafa pia, ucheke usicheke. Mama ameapa mbele ya Ami kwamba akiumwa hata mafua nitaambiwa.

Ila wewe sijakusamehe. Nakuombea kila sala, na bado sijakusamehe, yote mawili kwa pamoja. Nadhani ungenielewa. Ulitaka nisome, ukaogopa nitaacha kila kitu nije. Ni kweli, ningeacha. Ningekuja nikae na wewe.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, Baba, akupe nuru na nafasi. Nami nakuahidi hili: nikijaaliwa mtoto, msiba wowote ukitufika ataambiwa siku ile ile, hata awe na kalamu mkononi. Mtihani hurudiwa. Maziko yako sitarudishiwa.

Mwanao,
Zuhura