Mbwa Aitwaye Haya na Mito Inayolowa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usicheke mpaka ufike chini kabisa, maana mimi ni mzee, nimesoma mpaka darasa la tatu, la nne nililichungulia dirishani, kwa hiyo ukiona herufi zimelala ujue na mwandishi alikuwa amelala, na kusema kweli mengi ninayokuandikia nimeyaona nikiwa nusu macho nusu usingizini, kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza mito na magodoro ya sufi, na mtu anayeshinda ndani ya sufi hawezi kuwa macho kama mtu anayevunja mawe.

Chumba changu cha kazi ni cha mbele, kina dirisha moja, na jua la mchana likiingia na mimi nikianza kupiga sufi kwa fimbo, hewa yote inajaa weupe, unapanda polepole, unasimama, unasahau kushuka, hata mteja akija mlangoni uso simwoni, naona tu umbo limesimama mawinguni kama limetumwa kunichukua, nami huliambia, ngoja kwanza, sijamaliza godoro la watu.

Tulikuwa na binti wa mwisho, ndiye aliyekuwa kelele ya nyumba hii, akaolewa akaenda mbali, na tangu hapo mimi na mama yake tukabaki na neno moja tu. Chai hii. Haya. Naenda sokoni. Haya. Mvua inakuja. Haya. Usidhani tuligombana, mshauri, hatukugombana hata kidogo, tulinyamaza tu taratibu, kama redio inayoishiwa betri.

Basi fundi baiskeli wa mtaani kwetu akanipa mtoto wa mbwa, jike, miezi minne, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala kama askari wa zamu. Siku ya kwanza tu akakojoa katikati ya sebule, mke wangu akashika kiuno, akasema, "Mbwa gani huyu, hana haya!" Nikamwambia, "Kama hana, tumpe," na jina likawa Haya. Mke wangu alicheka, mshauri. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu binti aondoke, nikaapa moyoni kwamba mbwa huyu haendi popote hata akikojoa kwenye sufuria ya uji.

Na usiseme sikumfundisha. Kila asubuhi nilimpeleka uani, tukasimama ukutani mimi na yeye, maana hata mimi upande huo nina shida zangu, kibofu hakiniheshimu tena kama zamani, nikawa namhimiza, "Haya, haya, haya mama, haya," kama mtu anayesukuma gari bovu, mpaka anachuchumaa, anamaliza, nampapasa kichwa, nampa kipande cha mkate. Alishika upesi ajabu. Akili anayo. Tatizo lake akiingia ndani akili anaiacha uani.

Nikimwita, "Haya, njoo!" haji. Anachuchumaa palepale aliposimama, ananitazama machoni bila woga wowote, anakojoa. Nikivua kandambili anajitupa kwenye lundo la sufi, anatokea upande wa pili mweupe kabisa, wingu lenye miguu minne, na mimi nyuma yake na kandambili mkononi, na wateja mlangoni wanatazama sinema ya bure. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, akaniambia nimshike shingo nimsugue pua kwenye mkojo wake, ndivyo wanavyofundishwa. Nilifanya mara moja. Aliniangalia kama mimi nilivyokuwa nikimwangalia mwalimu wangu wa hesabu alipofika kwenye kugawanya. Sikurudia.

Juzi akaja mwuguzi anataka mito miwili. Akaibonyeza, akainusa, akailalia shavu, mwisho akasema, "Haya mzee, nifungie." Nilikuwa bado natafuta kamba, mbwa akauendea mto uliokuwa chini, akaushughulikia.

"Mzee! Mto wako unavuja!"

Nikamwambia, "Mama, mto usiotiririka ni wa nini?"

Hakucheka. Mke wangu alicheka kidogo nyuma ya pazia, nilimsikia, halafu akatoka akanisema mpaka chai ikapoa, na mimi nimekaa pale nasemwa, nasikia raha kama mtu anayekunwa mgongo.

Na siku hiyohiyo mchana nililala juu ya godoro la mtu, kulijaribu tu, nikaota mbwa amesimama kwa miguu miwili uani, amevaa miwani yangu, ameshika fimbo yangu ya sufi, na sufi inaanguka kutoka juu, taratibu, haina mwisho, ukuta umefunikwa, kamba ya nguo imefunikwa, na yeye ananiambia kwa upole ambao hakuna mtu amewahi kunionyesha, "Haya, mzee. Haya." Mwili ukawa mwepesi, raha ikashuka mpaka magotini, nikaamka ninakimbia. Nilifika, mshauri, usijali, lakini nilifika kwa huruma ya mlango kuwa wazi.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni jambo la jana. Nilikuwa nimelala tena palepale, jicho moja limefungwa, jingine limerudishwa tu kama mlango wa jirani. Jua limeingia, sufi iko hewani, na ndani ya weupe ule nikamwona mke wangu ameketi sakafuni na gauni jipya alilotumiwa na binti yetu, mbwa amemwekea kidevu gotini, naye anamtoa sufi masikioni, unyuzi mmoja mmoja, na anaongea. Anaongea, mshauri! Kwa sauti ambayo mimi nilidhani ilikwenda na mizigo ya bibi harusi. Anamwambia nyumba imekuwa kubwa siku hizi. Anamwambia bado anapika chakula kingi, mkono haujajua kwamba tumebaki wawili. Anamwambia mzee yule pale anakoroma, na akiamka hana la kusema. Nikazidisha kukoroma ili aendelee. Sikujua kama naota au naona, na sikutaka kujua. Mwisho akamkumbatia, akamwambia sikioni, polepole kabisa, "Haya, mwanangu. Haya."

Na mbwa akamkojolea mapajani.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele nisingekuandikia. Aliinuka, akaenda kubadilisha gauni, akasema akiwa chumbani, "Hata huyu hanitaki." Halafu akasema Jumapili mlinzi wa ghala la mbao anakuja kumchukua, na mbwa wa mlinzi yule nawajua, wanaishi kwenye mnyororo mfupi kuliko mkia wao. Nikamwuliza, "Ndiyo umeamua?" Akasema, "Haya." Mbwa akalowesha kizingiti.

Barua hii naileta kwa mkono leo Alhamisi ili iwahi gazeti la Jumamosi. Mke wangu huanza na ukurasa wako, hata kabla ya matangazo ya vifo, kwa hiyo jina langu usilitaje, ingawa akiona sufi na mkojo atajua ni nyumba ipi. Nifanye nini? Mtuhumiwa mwenyewe sasa hivi amelala juu ya mguu wangu, miguu yake inakimbia usingizini, sijui anakwenda wapi, lakini anaonekana karibu kufika.

Ni mimi, Mzee wa Mito, sasa ya aina zote mbili.

*

Mzee wa Mito,

Nimecheka kabla ya kufika chini, na sikuombi radhi. Sasa weka utani pembeni kidogo, maana Jumapili ni kesho.

Nimeisoma barua yako mara ya pili nikiwa na penseli, nikapigia mstari kila neno lililotangulia mkojo. Fanya hivyo na wewe. Mwuguzi alisema nini kabla mto haujalowa? Mkeo alisema nini kabla ya gauni? Kabla ya kizingiti je? Wewe mwenyewe ulisimama ukutani asubuhi baada ya asubuhi ukamfundisha mtoto wa watu kwamba neno "haya" maana yake ni "kojoa", na akikojoa ukampa mkate. Kisha neno hilohilo likawa ndilo jina lake. Kisha ukamleta kuishi kwenye nyumba ambayo haina neno jingine! Ulitaka afanye nini, akuandikie barua? Mbwa wako si mkaidi. Hapo kwenu hakuna mtiifu kama yeye. Alikufuata mpaka ndotoni kukueleza, tena amevaa miwani, na wewe ukaitikia amri kwa mwili mzima, halafu ukaamka bila kuelewa.

La kumsugua pua ni aibu yako, na mpelekee salamu zangu mwalimu mstaafu, mwambie hilo somo lifutwe ubaoni. Mbwa hajui kwamba unamwadhibu kwa sababu amekojoa. Anajua tu kwamba binadamu akimshika shingo mambo yanakuwa mabaya. Na kandambili irudi mguuni. Ukimwita halafu ukampiga, unamfundisha asije, na hilo pia, naona, amelishika upesi ajabu.

Jina hilo liishe leo. Atafutiwe jingine, fupi, ambalo hamlisemi mkiwa na wateja wala mkinywa chai. Mwite kwa jina hilo wakati una kitu kizuri tu mkononi, kipande cha mkate au hata vidole vya kumkuna shingo, mpaka akilisikia aje mbio bila kufikiri. Ukitaka kumkemea, usimwite. Mfuate alipo, kimya.

Kwa ajili ya uani, chagueni neno ambalo mteja hawezi kulitamka kwa bahati mbaya. Semeni "kengele" mkitaka, au "bilauri", mbwa hajali. Mpeleke akiamka, akishakula, akimaliza kucheza, na kila unapokwenda wewe, ambayo kwa maelezo yako si mara chache. Mkifika ukutani nyamaza. Akianza kuchuchumaa, litaje hilo neno mara moja tu, na mkate apewe palepale, si mpaka mrudi ndani, maana akipewa jikoni ataona amesifiwa kwa kuingia jikoni. Ndani ya nyumba mfunge kamba ndefu, upande mmoja ujifunge wewe kiunoni, ili akianza kuzunguka na kunusa sakafu uhisi, umtoe nje bila ukelele. Akikuwahi, futa kwa maji yenye siki, harufu iishe kabisa, maana pale panaponuka choo yeye anapasoma kuwa ni choo. Na hilo lundo la sufi liwekee ubao. Kitu laini namna hiyo, chenye joto, kimejaa chumba kizima, ni nani mdogo asingejisahau? Ni mtoto wa miezi michache, hawezi kubana kutwa. Wewe una miaka mingapi, na umeweza?

Hayo ni ya mkojo, na mkojo utakauka. Kuna ambalo siki haiwezi, na hapo sikuonei huruma. Mkeo alikuwa sakafuni, hatua chache kutoka ulipolala, anasema kila kitu ambacho ulikuwa unakitamani tangu binti aondoke, na wewe ukaona jambo la maana la kufanya ni kuongeza kukoroma. Mzee mzima! Unakaa unasemwa mpaka chai inapoa na unaona raha, kwa nini usiseme na wewe? Huna haja ya maneno makubwa. Mwambie ulisikia. Mwambie chakula kikizidi utakula. Anzia hapo, leo, ukiwa macho yote mawili.

Na sasa wewe mama, ambaye najua umeshika gazeti hili na matangazo ya vifo hujayafikia. Umesema hata huyu hakutaki. Soma tena hapo juu. Ulimkumbatia mbwa, ukamnong'oneza sikioni neno pekee la binadamu alilofundishwa maana yake, naye akalitekeleza papo hapo, bila kusitasita, mapajani mwako, kwa sababu ni wewe uliyeomba. Mume wako humwita na kandambili mkononi, na bado anaitikia kwa mbali. Wewe alikutii akiwa amekuegemea. Hakukukataa, mama. Alikupa alichonacho. Mwambie mlinzi wa ghala asije, na jina jipya litoke kwako, umwite kwa sauti ileile uliyokuwa nayo sakafuni, ili mzee naye aisikie bila kujifanya amelala.

Gauni lioshe kwa maji baridi kwanza, kisha siki.

Sasa kunjeni gazeti, mwangalieni mbwa huyo alivyolala, mtazamane. Na hilo neno ambalo kila mmoja wenu analo mdomoni hivi sasa, limezeni, mtafute jingine.